Baba na kaptula yake

Mvulana wa Kahororo, Bukoba, akimaliza shule ya msingi huacha kaptula na kuingia sekondari na suruali. Ndiyo maana mzee akimwona baba wa watoto watatu dukani na kaptula, huuliza: huyu hajakua?

Amekua. Mchana, kaptula safi inayofika magotini haina kosa, ila ukweni na msibani asiende nayo. Shida ni jioni. Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia giza linapoingia hadi alfajiri, na kwa mtu aliyekaa barazani hulenga miguu. Kagera ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini.

Baba, jua likizama vaa suruali ndefu. Watoto watakuiga. Kisha wote mlale ndani ya chandarua.