Chuo kisichojua kalenda ya mahindi

Kati ya watahiniwa 962,512 waliofanya mtihani wa KCSE mwaka wa 2024, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa 246,391. Waliobaki ni zaidi ya laki saba, na kila matokeo yanapotoka wenzao huambiwa neno lile lile: nendeni vyuo vya kiufundi. Ushauri huo sina ugomvi nao. Ninachouliza ni kwa nini wanaoutoa hawafiki mwisho wake. Kijana wa Kapomboi au Keiyo, katika eneobunge la Kwanza, Trans Nzoia, akasomee nini hasa, kwa muda gani, na aanze mwezi gani? Swali hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini kwa maoni yangu ndilo linaloharibu mengine yote.

Vyuo hivi havikuzaliwa vikiwa hivi. Mwaka wa 1966 makanisa ya Kenya yalitoa ripoti iliyouliza wanaomaliza shule ya msingi wataenda wapi, na kutokana na swali hilo zikaanzishwa polytechnic za vijiji. Wazo lilikuwa jepesi: kibanda, fundi mmoja au wawili, na kazi ambayo kijiji chenyewe kinaihitaji na kiko tayari kuilipia. Miaka ilivyokwenda, vibanda vikawa majengo, mitihani ikaingia, na orodha ya kozi ikaanza kufanana nchi nzima: uashi, useremala, ushonaji, umeme, ufundi wa magari, ususi na urembo. Hakuna kozi mbaya hapo. Nyumba zitajengwa na nywele zitasukwa. Lakini mtu akikupa orodha hiyo bila jina la chuo, huwezi kujua kama ni ya Kwanza au ya Likoni, na eneo linalolima mahindi ya kulisha nusu ya majirani zake lilistahili orodha inayonukia udongo wake.

Chukua jambo moja tu, unyevu. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5. Mkulima wa kawaida hupima kwa meno: akiuma punje ikalia, anaridhika. Mwangalifu zaidi hutia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, akatikisa; chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Njia hiyo ni ya kuaminika, ila mpaka wake ni asilimia 15 hivi. Kati ya 15 ya chupa na 13.5 ya bodi ndipo gari linaporudishwa langoni likiwa na magunia yote, na mwenye mzigo akaishia kumuuzia dalali kwa bei ya dalali. Nyuma ya unyevu kuna mashine ya kupukuchua. Ikizungushwa kasi kupita kiasi, au ikilishwa magunzi mabichi, hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango wazi kwa kuvu inayoleta sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa nchi, Makueni na Kitui zikiumia zaidi. Mara nyingi kijana anayeendesha mashine hiyo amejifunza kwa kumtazama mwenzake, naye mwenzake alimtazama mwingine. Kurekebisha kasi, kubadilisha beringi na mkanda, kusoma kipimo cha unyevu, kuendesha kikaushio bila kuchoma mbegu: kila moja ni ufundi wa wiki kadhaa tu, na kila moja ina mteja anayesubiri nje akiwa na pesa mkononi.

Sasa tazama kalenda. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa Machi na Aprili, yakavunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mihula ya vyuo huanza Januari, Mei na Septemba. Yaani mashine zikiwa zinanguruma shambani, mwanafunzi yuko darasani akichora mchoro wa mashine. Na karo? Mwezi wa Mei pesa zimekwisha kwenye mbolea, na Septemba ghala limebaki vumbi na panya wenye njaa. Karo ya mwaka katika vyuo vya kiufundi vya serikali kuu, chini ya mfumo ulioanza 2023, ni Sh67,189. Ufadhili na mkopo hupunguza mzigo, vyuo vya kaunti navyo ni nafuu, lakini hata salio la elfu tano ni kubwa likidaiwa mwezi ambao mkulima hana cha kuuza. Kisha tunasema vijana wa hapa hawapendi ufundi.

Ninachotaka ni kozi fupi zinazofuata msimu wa mahindi, na najua nitakayojibiwa. La kwanza ni kwamba nataka mtoto wa mkulima abaki mkulima. La hasha. Beringi haijui kama iko ndani ya mashine ya kupukuchua, kinu cha posho mjini au mashine ya kumenya kahawa kule Mlima Elgon upande wa Bungoma. Anayeijua moja amepata nauli ya kwenda kokote. La pili ni kwamba kozi fupi haina cheti cha maana. Hoja hii ilikuwa na nguvu zamani. Tangu mwaka wa 2025 vyuo hivi vinahamia mfumo wa moduli, ambapo mtu husoma sehemu, akatahiniwa, akatoka kwenda kazini na kurudi baadaye kuendelea. Msimu wa mavuno unaingia ndani ya mfumo huo kama mguu kwenye kiatu chake. La tatu ni gharama ya mitambo, nalo naliona dogo kuliko linavyotangazwa. Mitambo ipo tayari: kwenye mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), kwa wenye trekta za kukodisha, na vikaushio ambavyo serikali imekuwa ikisambaza. Mji wa Kitale una kampuni ya mbegu ya Kenya Seed na kituo cha utafiti kilichotoa mbegu chotara ya H611 mwaka wa 1964. Chuo hakihitaji kununua kila kifaa cha kufundishia.

Pingamizi lenye uzito kweli ni la wakufunzi. Sheria inataka mkufunzi awe na leseni, na mafundi wanaoijua mashine ya kupukuchua vidoleni wengi wao hawana hata cheti cha darasa la nane. Hapo sina jibu la mkato. Njia iliyopo ni utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambao unamwezesha fundi wa jua kali kutahiniwa na kupewa cheti bila kurudi darasani. Kaunti ingeweza kuwalipia mafundi kumi wa kwanza mtihani huo, kisha ikawaajiri kwa msimu, wakisaidiana na mkufunzi mwenye leseni. Ni mwanzo wa kuyumbayumba, nakubali, lakini polytechnic za vijiji zilianza kwa kuyumba zaidi ya hapo.

Wala hatuhitaji kungoja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliweka polytechnic za vijiji mikononi mwa kaunti, na Politekniki ya Kitaifa ya Kitale iko karibu kutoa msaada wa mitaala. Hata jirani Bungoma, yenye vyuo vya Sang'alo, Kisiwa na Matili, inaweza kufanya vivyo hivyo: ina miwa na kahawa zake za kuhesabia miezi. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya mwisho wa Juni. Mahindi yanayochanua wakati huo Kwanza yatakuwa tayari kuvunwa Oktoba, na miezi mitatu ya katikati inatosha kuandikisha kundi moja la vijana 20, kutafuta vipimo vya unyevu vichache, na kusukuma karo yao mbele hadi Januari, magunia yakishauzwa.