Barua ya Gatongora: Gofu la Gedi na Mto Wetu

Mto Ruiru tuuvukao kila siku humwaga maji yake katika Athi. Nao Athi, ukiisha kushuka nyikani, huitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka uingie baharini kaskazini ya Malindi. Kusini ya mji huo, mwendo wa maili 10 hivi, ndani ya msitu, liko gofu la mji wa Gedi. Nilipopata likizo nilikwenda kulizuru.

Gedi haukuwa mji mdogo. Eneo lililozungukwa na ukuta lapata ekari 45. Upo Msikiti Mkuu wenye safu za nguzo, jumba la mtawala, nyumba za mawe zenye vyoo, na kaburi lenye tarehe ya mwaka wa Hijra 802, yaani 1399. Bwana James Kirkman, aliyeanza kuchimbua mahali hapo mwaka 1948, alipata vyombo vya kaure kutoka China. Basi wenyeji wake hawakuwa maskini wala wajinga.

Hata hivyo, mapema katika karne ya 17 mji ulihamwa. Wataalamu hutaja sababu kadha wa kadha, zikiwamo mashambulio ya maadui na kupungua kwa maji ardhini. Sababu hii ya pili ndiyo iliyonishika, kwa maana kisima kilicho kando ya Msikiti Mkuu kiliongezwa kina. Wala watu hawajisumbui kuongeza kina cha kisima chenye maji tele.

Kwetu Ruiru mashamba mengi ya kahawa yamegeuka viwanja vya nyumba, na kila mwenye ploti ataka kisima chake kirefu. Wako walimao mpaka ukingoni mwa mto, na wako watupao taka humo. Yafaa tuamke. Asichimbe mtu kisima kirefu pasipo kibali, kama sheria itakavyo. Miti na majani ya ukingoni yaachwe. Na maji ya mvua yakingwe kutoka paani, yahifadhiwe tangini. Majuto ni mjukuu.

Mwaka 2024 UNESCO iliutia Gedi katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini yatosha Kenya kuwa na Gedi mmoja. Kuta zake zingali zimesimama. Anayekosekana ni mtu wa kuteka maji.