Chambo, Nzi Bandia na Hesabu ya Trauti

Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini pana ugomvi wa zamani baina ya wavuvi wa ndoana. Ugomvi huo wahusu trauti, samaki wa maji baridi yaendayo kasi. Upande mmoja husema kwamba trauti mwitu, yaani yule aliyezaliwa mtoni wala hakuletwa na mtu kutoka kituo cha kuzalishia samaki, astahili kuvuliwa kwa nzi bandia peke yake: ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi hata ikafanana na mdudu. Upande wa pili hudai haki ya kutumia chambo cha kweli, nyungunyungu au panzi, na kurudi nyumbani na kitoweo. Kila upande huiita sayansi iwe shahidi wake. Hapo ndipo jambo hili linapowahusu hata wanafunzi wasiopata kumwona trauti, kwa kuwa ushahidi wenyewe ni hesabu nyepesi, na mara nyingi hutolewa nusu tu.

Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Trauti hudaka nzi bandia, huonja mara moja kwamba si chakula, akakitema. Mvuvi naye hana budi kuvuta upesi kabla hakijatemwa. Kwa sababu hiyo ndoana hunasa mdomoni au kwenye taya. Chambo cha kweli ni chakula hasa. Samaki hukimeza, na ndoana huingia mpaka kooni, karibu na matamvua na moyo, maana moyo wa samaki u nyuma tu ya matamvua. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Marekani mwaka 1977 yalionyesha kuwa miongoni mwa samaki wa jamii ya trauti waliovuliwa kwa chambo kisha wakarudishwa majini, kiasi cha robo walikufa. Waliovuliwa kwa nzi bandia walikufa 4 hivi katika kila 100. Mapitio mengine ya mwaka 1992 yalitoa tofauti iyo hiyo, na safari hii vifo vya chambo vilikaribia theluthi. Maji yakipata joto la nyuzi 20 na zaidi, hewa ya oksijeni hupungua ndani yake na samaki aliyechoka kwa kuvutwa hufa kwa urahisi zaidi, hata kama alinaswa kwa nzi bandia.

Uzito wa tofauti hiyo huonekana pale samaki mmoja anaponaswa mara nyingi. Katika sehemu moja ya Mto Yellowstone nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1973 trauti wa asili aliyevuliwa ilikuwa lazima aachiwe, watafiti walikadiria kwamba katika msimu wa mwaka 1981 kila samaki alinaswa kwa wastani mara 9.7. Mwalimu na awaambie wanafunzi wachukue mara 10. Ikiwa robo hufa kila mara, wanaosalia ni 0.75 iliyozidishwa yenyewe mara 10, nayo ni chini ya 0.06: katika trauti 100 hawabaki hata 6. Ikiwa hufa 4 katika 100, watabaki 66. Katika mto wenyewe vifo vilikuwa vichache kupita hivyo, 3 hivi katika kila samaki 1000 walionaswa, na kwa hiyo 97 kati ya 100 waliumaliza msimu. Mahali kama hapo kukataza chambo si suala la mapenzi ya mtu. Bila katazo hilo samaki wangekwisha.

Lakini hesabu hiyo yote imesimama juu ya neno moja, nalo ni kuachiwa. Liondoe neno hilo, na hoja nzima hugeuka. Mvuvi wa chambo mwenye ruhusa ya samaki wawili huvua wawili, huwatia kikapuni, huenda zake. Ameua wawili. Mvuvi wa nzi bandia, katika siku njema, hunasa 50 na kuwaachia wote huku akijisifu kwamba hakuua hata mmoja. Kwa vifo 4 katika 100, naye ameua wawili. Tofauti ni kwamba wawili wa kwanza wameliwa na watu, na wawili wa pili wameoza chini ya mawe. Wasemaji wa nzi bandia huipenda sana hesabu ya Yellowstone; hii ya pili husikika kwa nadra katika mikutano yao. Wala si wote wanaokubali kwamba kuachia ni huruma. Switzerland, kwa kanuni zake za mwaka 2008, ilikataza kuvua kwa nia ya kuachia, kwa hoja kwamba kumtaabisha samaki kwa ajili ya mchezo tu hakufai.

Yafuatayo basi ndiyo yapasayo kutokana na takwimu hizo. Sheria na ihesabu vifo, si vyombo. Pale mto unapotembelewa na wavuvi wengi mno hata isiwezekane kila mmoja kuchukua samaki, kuachia ni lazima, na chambo hakina nafasi. Pale watu wanaporuhusiwa kula walichovua, chambo hakina kosa, mradi kila samaki anayetoka majini ahesabiwe, na idadi ikitimia mvuvi akunje mshipi wake. Sheria mbaya kuliko zote ni ile inayochanganya mambo hayo mawili: kuruhusu chambo, kisha kuamuru samaki wote walio chini ya kipimo fulani warudishwe. Sheria ya namna hiyo inaonekana kuwalinda wadogo, kumbe wadogo ndio wanaotupwa majini na majeraha ya koo. Mvuvi mtiifu akijitahidi kuing'oa ndoana iliyomezwa huzidisha madhara. Afadhali aukate uzi na kuiacha ndani, maana majaribio yaliyochapishwa mwaka 1967 yalionyesha kuwa waliong'olewa ndoana ya kooni walikufa karibu wote, na walioachiwa nayo walikufa theluthi hivi.

Kuhusu kipimo, Ziwa Yellowstone latoa fundisho jingine. Katika miaka ya 1970 wavuvi wa huko waliruhusiwa kuchukua samaki wawili, tena wawe wadogo, wasiozidi milimita 330, ili wakubwa wabaki wakitaga mayai. Fikira hiyo si ngeni kwa wakazi wa Ziwa Victoria, ambako nchi tatu zilipata kukubaliana kwamba sangara wavuliwe kati ya sentimita 50 na 85, mdogo aachwe akue na mama mkubwa aachwe azae.

Mbona basi hoja ya nzi bandia ina nguvu hata mahali isipohitajika? Jibu limo katika historia, wala si katika elimu ya viumbe. Frederic Halford, Mwingereza aliyeandika juu ya nzi bandia wanaoelea katika vitabu vya mwaka 1886 na 1889, aliwapata wafuasi walioifanya njia yake kuwa sheria ya adabu katika mito ya kusini mwa Uingereza. G. E. M. Skues alipoonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1910 kwamba trauti hula zaidi tunutu walio chini ya maji, na kwamba ni halali kuwaiga hao pia, mabishano yalianza ambayo hata mwaka 1938 yalikuwa bado yakijadiliwa rasmi katika klabu ya wavuvi huko London. Hakuna aliyedai kwamba tunutu bandia waua samaki wengi zaidi. Ubishi ulikuwa juu ya uungwana. Ndivyo ilivyo pia kwa kijino cha ndoana kilichopinda nyuma, ambacho sheria nyingi za Amerika hutaka kiondolewe: tafiti zilizokusanywa mwaka 1997 zilipata vifo 4.5 katika 100 kwa ndoana zenye kijino na 4.2 kwa zisizo nacho. Watu wana haki ya kuwa na adabu zao. Ila adabu isivishwe joho la sayansi, hasa inapokuwa na nguvu ya kumnyima mtu ufukwe wa mto.

Tena yapo yaliyo makubwa kuliko ndoana. Katika jimbo la Montana utafiti wa Dick Vincent katika Mto Madison ulionyesha kwamba kumimina mtoni samaki waliofugwa kuliwapunguza trauti mwitu, na walipoacha kumiminwa, wale wa mwitu waliongezeka. Mwaka 1974 jimbo hilo liliacha kupandikiza samaki katika mito yenye trauti wanaozaana wenyewe. Uamuzi huo, ambao haukugusa chambo wala nzi bandia, uliwafaa samaki kuliko kanuni nyingi za vyombo. Na katika Ziwa Yellowstone, pamoja na ulinzi wote uliotajwa, trauti wa asili walipungua vibaya kwa sababu ya trauti wa ziwa, samaki mgeni mla wenzake aliyegunduliwa humo mwaka 1994. Tangu hapo mvuvi anayemnasa mgeni huyo hutakiwa kumwua, wala haruhusiwi kumrudisha.

Nchini Kenya trauti mwenyewe ndiye mgeni. Mayai ya trauti wa Loch Leven, Scotland, yaliletwa mwaka 1905 kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na samaki hao wakatiwa katika mito ya milima ya Aberdare. Desturi ya nzi bandia ilikuja pamoja nao. Huko hakuna spishi ya kale ya trauti ya kuokolewa. Suala ni samaki hao wawe wa nani na wa kazi gani. Yawezekana mto fulani wafaa kuwekwa kwa ajili ya wageni walipao ada na kuachia samaki, na mwingine wafaa kuwa wa kitoweo kwa wakazi wa kando yake. Lakini anayetaka kumkataza kijana mwenye kibali asivue trauti wawili kwa nyungunyungu na aulizwe kwanza idadi ya trauti katika mto huo, wangapi huzaliwa kila mwaka, na wangapi hufa mikononi mwa hao wanaoachia.