Mtungi wa Maji Usipakwe Vanishi

Sioni mantiki ya walimu wa sanaa, Homa Bay na Migori, kuwaagiza wanafunzi wapake vanishi kila kazi ya ufinyanzi ili ing'ae. Chombo cha pambo na kipakwe, hakina hasara. Lakini mtungi wa maji, ambao Wajaluo huuita dapi, hupoza maji kwa kuwa vinyweleo vyake hupenyeza unyevu hadi nje, nao ukigeuka mvuke huondoka na joto. Ukiviziba, umebaki na ndoo nzito!

Mng'ao halisi hutokana na kokoto laini, udongo ukisuguliwa kabla ya kuchomwa. Kazi hiyo huchosha mkono. Labda ndiyo sababu tunakimbilia kopo la dukani.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujatoa alama, jaza mtungi maji, ungoje saa chache, kisha uguse ubavu wake.