Mpeleke akatazame ndege

Mzazi, je, mwanao hukaa kando peke yake wenzake wakicheza? Unamhimiza atafute marafiki, lakini akifika mbele yao hana la kusema.

Namwelewa. Nilipohamia Nairobi kwa kazi, siku za mapumziko zilipita bila kuzungumza na mtu. Kisha nikajiunga na matembezi ya Jumatano asubuhi ya shirika la Nature Kenya, ya kutazama ndege, ambayo Fleur Ng'weno aliyaanzisha mwaka wa 1971. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mzee mmoja aliniazima darubini, akaninong'oneza, "Tazama ua lile jekundu." Nikamwona chozi, mdomo mwembamba umepinda, akifyonza utamu wa ua. "Nimemwona!" Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yangu ya kwanza kwao, nao wakafurahi pamoja nami.

Ndiyo faida ya kundi la namna hii: mwenye haya halazimiki kujieleza. Wote wanatazama kitu kimoja, na mazungumzo huanzia hapo.

Uliza kama shule yake ina klabu ya wanyamapori. Wanafunzi wenyewe ndio walioanzisha klabu hizo nchini Kenya mwaka wa 1968. Lakini akikosa usingizi au hamu ya kula, au akikataa kwenda shule, mpeleke kwa daktari.

Na siku ya kwanza usimwache langoni. Nenda naye. Huenda nawe pia unahitaji marafiki.