Mvi za Wamarekani si Dhamana

Hoja inayozunguka siku hizi miongoni mwa Waafrika Mashariki walio Marekani ni fupi na tamu: wazee wanaongezeka, kwa hiyo nyumba ya wazee haiwezi kula hasara. Huletwa na mtu mwenye mpango wa kununua jengo, anayetafuta wenzake wachange dola 20,000 au 50,000 kila mmoja, benki imalizie. Na hesabu ya umri huwa tayari mkononi: waliozaliwa mwaka 1946, mara baada ya Vita Kuu ya Pili, wanatimiza miaka 80 mwaka 2026. Nani abishe?

Mimi nabisha. Hesabu ya umri ni sahihi. Uongo uko kwenye lile "kwa hiyo", na uongo huo unaweza kummalizia mtu akiba aliyoitafuta kwa kubeba boksi miaka kumi.

Mzee halipi kwa mvi zake. Kwa takwimu za kampuni ya bima ya Genworth, mwaka 2024 bei ya katikati ya kuishi katika nyumba ya wazee wanaosaidiwa shughuli za kila siku ilikuwa takriban dola 5,900 kwa mwezi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, haigharimii makazi hayo. Medicaid, ya wenye kipato kidogo, kwa kawaida hailipi chumba na chakula humo. Inabaki akiba ya mzee mwenyewe, nyumba yake akiiuza, na mifuko ya wanawe. Utafiti uliochapishwa na jarida la Health Affairs mwaka 2019 ulikadiria kwamba ifikapo 2029 zaidi ya nusu ya wazee wa kipato cha kati hawatamudu gharama hizo. Tena takwimu za umri kila mjenzi anazo, ndiyo maana hata kabla ya Korona nyumba za wazee katika miji kadhaa zilikuwa zimejengwa kupita mahitaji.

Lakini hata vyumba vikijaa, swali kubwa linabaki: jengo limenunuliwa kwa fedha ya nani, na kwa masharti gani?

Tazama HCR ManorCare, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za nyumba za uuguzi wa wazee Marekani. Kampuni ya uwekezaji ya Carlyle iliinunua mwaka 2007 kwa dola bilioni 6.3, sehemu kubwa ikiwa mkopo. Mwaka 2011 karibu majengo yote yakauzwa kwa kampuni ya HCP kwa dola bilioni 6.1, na ManorCare ikawa mpangaji katika nyumba zilizokuwa zake. Wawekezaji wa Carlyle wakarudishiwa mtaji wao. Pango la mwaka wa kwanza lilizidi dola milioni 470, likapangiwa kupanda kila mwaka, huku kodi za serikali, bima na matengenezo vikibaki kwa mpangaji. Kampuni ikapunguza mamia ya wafanyakazi. Gazeti la Washington Post lilipochunguza rekodi za ukaguzi mwaka 2018, lilikuta makosa ya kiafya katika nyumba hizo yameongezeka kwa asilimia 26 kati ya 2013 na 2017, ingawa kampuni ilikana kwamba fedha ndiyo sababu. Machi 2018 ikaomba kinga ya mufilisi, ikiwa na madeni ya dola bilioni 7.1.

Katika miaka hiyo 11, wazee wa Marekani hawakupungua hata mwaka mmoja. Uingereza nako, mwaka 2011, kampuni ya nyumba za wazee ya Southern Cross ilianguka ikiwa na wazee wapatao 31,000 mikononi mwake. Pango liliishinda.

Sasa shusha hesabu hiyo hadi kwenye jengo unaloombwa kuchangia. Tuseme bei ni dola milioni 10, na milioni 7 ni mkopo wa rehani wenye riba inayobadilika. Riba ikiwa asilimia 4, mnalipa dola 280,000 kwa mwaka. Ikifika 8, ni 560,000. Si ndoto: Machi 2022 riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa imevuka asilimia 5. Kukopa harusi, kulipa matanga. Benki inalipwa kwanza. Aliyeandaa mpango mara nyingi huchukua ada yake siku ile ile ya ununuzi. Mchangiaji ndiye wa mwisho, na hawezi kuuza hisa yake atakapo.

Ile tofauti ya dola 280,000 lazima itoke mahali. Paa halipunguziki, bima haipunguziki, bei ya chumba ina kikomo. Kinachopunguzika ni watu. Kwa mshahara wa dola 40,000, hao ni wahudumu saba.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Wahudumu hao ni akina nani? Wengi ni dada zetu na kaka zetu. Anayeombwa dola 50,000 ndiye yule yule anayeingia zamu saa tano usiku, anageuza wazee kitandani wasipate vidonda, anabadilisha mashuka, anatoka saa moja asubuhi mgongo ukimwaka. Kabla hajatuma fedha, aombe kuonyeshwa mkataba wa mkopo, kisha orodha ya zamu ya usiku: wazee wangapi, kwa wahudumu wangapi. Orodha hiyo anajua kuisoma kuliko benki.