Hojaji Hii Ameitunga Nani?

Mjadala wa ushirikiano wa kisayansi kuhusu mihadarati umekuwa mjadala wa majina: nani mwandishi wa kwanza, nani wa mwisho, nani ashukuriwe chini ya ukurasa. Umenichosha. Sidharau majina. Mwaka 2000 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waligutuka kukuta wenzao wa Uingereza wameomba hataza ya chanjo ya ukimwi bila kuwataja, na kelele walizopiga zilistahili. Lakini jina hutiwa kazi ikishakwisha. Mimi naulizia mwanzo wake: hojaji inayoingia Laini Saba, kule Kibera, Nairobi, imetungwa na nani?

Chukua ASSIST, hojaji ya Shirika la Afya Duniani kuhusu matumizi ya pombe na mihadarati, ambayo wengi wetu huiazima kama ilivyo. Divai na chang'aa zimo katika fungu moja. Miraa na muguka hazitajwi. Zinangoja kwenye "nyinginezo". Mtafiti anarudi kutoka Laini Saba au Kawangware na alama safi za unywaji, ila hajui pipa lilitiwa nini, na mauti yamo pipani. Novemba 2000 pombe haramu iitwayo kumi kumi, yenye methanoli, iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Mukuru na Sinai, Nairobi, na baadhi ya walionusurika wakapofuka. Aprili 2010 waragi yenye sumu hiyo hiyo iliua makumi ya watu Kabale, Uganda. Mwaka huo huo sheria mpya ya vileo ya Kenya iliruhusu chang'aa iuzwe kwenye chupa yenye lebo. Kwa mama pima, muuzaji wa mtaani, ingali inapimwa kwa glasi. Chang'aa, waragi na gongo ya Tanzania ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna utafiti unaolilia ushirikiano wa kuvuka mpaka kama huu: maabara za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam zikipima sampuli kwa utaratibu mmoja na kupeana tahadhari kabla ya mazishi. Mbona hauandikiwi maombi ya fedha? Kwa sababu hojaji haikuuliza.

Haikuuliza kwa kuwa fedha zilikuja kwa njia ya ukimwi. Mfadhili aliifuata sindano, nasi tukamfuata mfadhili. Utafiti wa 2011 uliokuta VVU kwa asilimia 18.7 ya wanaojidunga Nairobi ulikuwa na faida, na kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyofunguliwa katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014 imeokoa watu. Ila kijana wa Kibera anayemeza bugizi (vidonge vya Rohypnol) na kuishushia chang'aa hajidungi kitu, kwa hiyo si wa mtu. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada, hata wenye sindano walijikuta si wa mtu.

  

Nitaambiwa nachukia wageni. La. Mwaka 2005 watafiti wa Texas, Marekani, na wa Muhimbili, Tanzania, waliripoti kuwa wanawake wa Dar es Salaam walikuwa wakijidunga damu ya mwenzao aliyekwisha kujidunga unga (heroini), wakiamini itawapunguzia arosto, yaani mateso ya kuukosa unga. Jambo hilo halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote. Lilijulikana kwa kuwa wanawake waliachwa wazungumze. Muhimbili hiyo hiyo ilianza kutoa methadoni Februari 2011. Nairobi ikakaa karibu miaka minne zaidi, na Dar ni mwendo wa saa moja na ushei kwa ndege. Makala ya pili ya toleo hili inaisimulia safari hiyo ya methadoni kwa upole ambao mimi nisingekuwa nao.

Insha kuhusu nyumba za wanaoacha unga Zanzibar isomwe na kila ofisa wa NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na mihadarati. Ile ya kilo 1,032 za heroini zilizonaswa na manowari ya Australia HMAS Darwin mbele ya pwani ya Kenya, Aprili 2014, itawafurahisha wapenzi wa filamu.

Kuanzia toleo lijalo, kila makala yenye matokeo ya hojaji itakuja na hojaji yenyewe, katika Kiswahili au Sheng' ilivyoulizwa, pamoja na jina la aliyeitunga na mji alioitungia. Asiye nayo asituletee majedwali.